Vidonge Vitano vya Patricie

Concessa ukimwambia jambo alilisikia mara moja, ila alichukua nusu anayoitaka na kukuachia nusu nyingine mkononi. Kijiji kizima cha Giheke kilimjua hivyo. Alikulia Bukavu kwa wazazi wakimbizi, akaolewa huko, akafiwa na mume huko, na mambo yalipogeuka akarudi Rwanda na mwanawe Aimable, sufuria tatu na ule mdomo wake. Mpaka leo hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, isipokuwa nesi mmoja wa kiume aitwaye Cassien, naye alimshinda siku moja tu. Hiyo siku ndiyo nataka kuwaeleza.

Aimable alipotaka kumwoa Patricie, msichana wa Bukavu kama wao, watu walikuja kwa Concessa kumnong'oneza kwamba binti ana ugonjwa wa kuanguka. Kifafa kilikuwa kimempata akiwa na miaka kumi na moja. Concessa akawajibu, "Kifafa haiko wizi. Muchumba wa heshima njo huyu. Mulitaka alete nini ingine?" Na kweli, kwa miaka sita Patricie hakuwa ameanguka hata mara moja, kwa sababu daktari wa Bukavu alimpa vidonge vya fenitoini, vitatu kwa siku, naye alivimeza bila kukosa.

Harusi ikafungwa. Aimable akapata kazi ya saruji kule Bugarama, akawa anashuka Jumatatu na kupanda Jumamosi. Nyumbani wakabaki wanawake wawili, mkwe na mama mkwe, na nitasema ukweli: walipendana. Walipigana kelele juu ya chumvi ya maharage na walipendana.

Halafu Patricie akashika mimba. Mimba ikiwa ya miezi mitano, asubuhi moja, Concessa akiwa nje anaanika mihogo, alisikia sufuria imeanguka jikoni. Alimkuta mkwe wake chini, mwili unatupwatupwa, mkono wa kushoto uko ndani ya makaa. Majirani walifika mlangoni wakasimama pale pale, kwa sababu watu wengi wanaogopa mate ya mwenye kifafa kana kwamba yanaambukiza. Concessa hakuogopa chochote. Alimvuta, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa kitenge chake mwenyewe alichovaa, huku akiwatukana waliosimama. Patricie alipozinduka hakujua yuko wapi. Hakukumbuka sufuria, hakukumbuka moto, hakujua hata kama ni asubuhi. Alimwuliza Concessa, "Maman, ni nani alinichoma?"

Swali hilo lilimkaa Concessa rohoni kama mwiba. Tangu siku hiyo alianza kumchunga mkwe wake kama anayechunga maziwa jikoni yasimwagike.

Walikwenda kwenye zahanati kwa Cassien. Cassien alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimsikiliza Patricie, akangoja daktari anayepita mara moja kwa mwezi, wakamtoa damu kwenye kichupa kidogo, kikapelekwa mbali kupimwa. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita iko ng'ambo ya mto, malori ya askari yanavuka daraja kwenda Congo kila siku, na kichupa cha damu kilikuwa na shida zake za safari. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu. Dawa katika damu ya Patricie ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

"Mwongo!" alisema Concessa. "Anameza kila siku. Mi mwenyewe ninamuona."

"Sijasema hamezi," alisema Cassien. "Maman, wewe unapika. Ukiwa na chungu cha maharage na umekitia chumvi vizuri, halafu ukaongeza maji, chumvi itakuwaje?"

"Itapotea."

"Imepotea? Si iko humo humo?"

"Iko humo, lakini hausikie tena."

"Basi ndiyo hivyo. Mimba imeongeza maji kwenye chungu. Na mwili wake sasa unaichoma dawa haraka kuliko zamani. Vidonge vitatu vya jana si vitatu vya leo."

Hapo Concessa alimwelewa vizuri sana. Cassien akaongeza kidonge, vikawa vinne. Mwezi wa nane, damu ilipopimwa tena, vikawa vitano: viwili asubuhi na vitatu jioni. Na kila mara, Cassien alimalizia kwa maneno yale yale, akimtazama Concessa usoni: "Akizaa, maji yanapungua chunguni. Siku ya tatu mniletee, tuanze kupunguza chumvi. Siku ya tatu, Maman."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Concessa. Nusu ya kuongeza ameshaichukua. Ile ya kupunguza aliiacha pale mezani kwa Cassien.

Vidonge vikawa vyake sasa. Alivitia katika kopo la maziwa ya unga, akalitundika darini kwake. Msimcheke. Alikuwa ameona siku ambazo daraja lilifungwa na dawa ya Bukavu ikawa haivuki, akaona watu wanaomba hata robo ya kidonge. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni aliteremsha kopo, akahesabu, akasimama mbele ya Patricie mpaka avimeze na kufungua mdomo aonyeshe. Na Patricie hakuanguka tena. Concessa alitembea Giheke kifua mbele.

Uchungu ulikuja Jumamosi asubuhi, kwa haraka, mvua ikinyesha, barabara haipitiki. Jirani yao Mukamusoni ndiye aliyempokea mtoto, msichana, mzima, mwenye sauti. Concessa alilia mpaka akaona haya. Alimlaza Patricie kwenye kiriri, kile kitanda cha mzazi ambacho mwanamke akikilalia haguswi na kazi. Analala, ananyonyesha, analishwa uji wa mtama, na haonekani nje mpaka siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina.

Siku ya tatu Patricie akasema, "Maman, leo njo ile siku Cassien alisema."

"Kwenda wapi? Muzazi wa siku tatu, apite barabarani bantu bamuone? Unataka baseme mi sina akili?"

"Alisema siku ya tatu."

"Cassien ni mwanaume. Alizaa lini yeye? Atangoja. Tukishapa mutoto jina, tutaenda."

Na hapo ndipo kosa lilipolala, jamani, kitandani pamoja na mzazi. Maana mtu aliye kwenye kiriri hatembei, sasa nani atajua kwamba hawezi kutembea? Mtu aliye kwenye kiriri anatakiwa alale, sasa nani atashangaa kwamba analala mno? Patricie alisinzia na kijiko mdomoni, wakasema amechoka. Siku ya tano aliuliza kwa nini mlango umekuwa milango miwili. "Ni damu, ilitoka mingi," alisema Concessa. "Kunywa uji." Maneno yakaanza kumtoka mazito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Concessa akaongeza sukari kwenye uji. Na asubuhi vidonge viwili, na jioni vitatu, bila kukosa hata kimoja.

Siku ya nane ikafika. Aimable alikuwa ameomba ruhusa kazini na kupanda kutoka Bugarama tangu jana yake, amenyolewa, anacheka ovyo. Watoto wa majirani walikuja na vijembe vyao vidogo, wakalima kile kipande cha kando ya nyumba kama desturi inavyotaka, wakanawa, wakakaa kwenye majani ya mgomba wakala maharage na mboga mpaka wakatosheka. Wakamwekea Patricie mkeka mlangoni, akakaa na mtoto mapajani. Mtoto mmoja mmoja akapita akitaja jina alilolichagua, mengine ya maana, mengine ya vichekesho. Mmoja alitaja jina la mbuzi wao. Watu walicheka, na Concessa alicheka kuliko wote.

Kisha Patricie akainuka kuingia ndani na mtoto.

Alipiga hatua moja, ya pili ikaenda pembeni. Miguu ilipishana. Bega lake liligonga mwimo wa mlango, na mtoto akateleza kutoka mikononi. Concessa aliruka. Mpaka leo hajui aliruka vipi, mwanamke wa miaka hamsini na nne na magoti yake yale. Alimdaka mtoto karibu na ardhi, naye Patricie akaanguka juu ya mkeka na kubaki amekaa, anapepesa macho.

Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma.

"Imerudi," alisema Mukamusoni kwa sauti ya chini. "Concessa dada yangu, imerudi. Huyu mutoto atakufa mu mikono ya mama yake."

Concessa alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, na macho yake yalikuwa kwenye lile kovu la moto mkononi mwa Patricie. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku ya kuvuka mpaka. Patricie akanyoosha mikono apewe mtoto wake, na Concessa, aliyempenda, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Sitaweza."

Mambo yakaenda haraka. Mukamusoni akasema Uwimbabazi wa Nkungu, binti mkubwa wa Concessa, ananyonyesha mtoto wa miezi sita na maziwa anayo tele. Amchukue huyu amlee mpaka aote meno, mpaka atembee, halafu tutaona. Mtu akatumwa Nkungu saa ile ile. Aimable alisimama katikati ya ua akimtazama mama yake, halafu mke wake, halafu mama yake, mwanaume mzima hajui aweke wapi mikono. Patricie alisikia yote. Alilia bila sauti, machozi yanashuka tu, na kila alipojaribu kusema ulimi ulimwangusha.

Concessa alimpa Mukamusoni mtoto, akaingia ndani, akateremsha kopo. Kama vitano vimeshindwa, aliwaza, basi viwe sita. Akaweka kidonge kiganjani, akachota maji, akapiga magoti mbele ya mkwe wake.

"Fungua kinywa."

Patricie akakaza midomo. Akatikisa kichwa. Halafu akasema polepole, akilitafuta kila neno: "Maman. Ile siku ya moto. Nilikumbuka nini?"

"Haukukumbuka kitu. Meza."

"Leo ninakumbuka yote." Akavuta pumzi. "Wa kwanza alisema Iradukunda. Wa pili Nishimwe. Wa tatu jina ya mbuzi. Wa nne, ule mwenye shati nyekundu, alisema Uwera. Miguu ilinipotea, ukaruka, ukamudaka. Mukamusoni akasema imerudi. Niliona yote, Maman. Kifafa haiachake muntu aone."

Concessa alibaki amepiga magoti na kile kidonge kiganjani. Alikuwa ameona watu wawili wakianguka maishani mwake, kaka yake utotoni na huyu, na wote wawili walizinduka kama watu waliotoka nchi nyingine. Hakuna hata mmoja aliyezinduka akihesabu majina. Pole pole, ile nusu aliyoiacha mezani kwa Cassien ikaanza kumfuata nyumbani. Maji yanapungua chunguni. Siku ya tatu, Maman.

"Yesu wangu," alisema. "Mi nimefanya nini?"

Akatoka nje na sauti yake ikarudi yote. Aimable akaitwa, wanaume wanne wakaitwa, ile machela ya kijiji ya kubebea wagonjwa ikatolewa. Mukamusoni akauliza kama mzazi anaweza kutolewa hivi hivi mchana kweupe na sherehe haijaisha. Concessa akamwambia aishike sherehe aile yote peke yake. Akamfunga mtoto mgongoni, akatangulia mbele ya machela, na mteremko wote mpaka zahanati hakumruhusu mtu yeyote kupumzika.

Cassien alimtazama Patricie mara moja tu akajua. Hata hivyo alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alishika kalamu mbele ya uso wake, akamwambia aifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho yalipofika pembeni yalianza kucheza, yanatetemeka kwenda na kurudi. Akamwambia aguse pua yake; akagusa shavu. Akamwonyesha mstari wa saruji sakafuni, kutoka ukutani hadi mlangoni, akamwomba atembee juu yake, kisigino mbele ya vidole. Patricie hakumaliza hatua mbili, Aimable akamshika.

"Huyu hana kifafa leo," alisema Cassien. "Huyu amelewa."

"Amelewa?" Concessa aliruka. "Mutoto wa kanisa?"

"Amelewa dawa. Anameza ngapi?"

"Tano. Kama ulivyosema."

"Na amezaa lini?"

Concessa akainamisha kichwa. "Leo ni siku ya nane."

Cassien akavua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa tena. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Maman Concessa," alisema, "nilikuambia siku gani?"

Na hapa ndipo alipomshinda, maana Concessa alifungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Aliketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa kitenge. "Nimemulisha sumu," alisema ndani ya kitenge. "Na kijiko yangu. Kila asubuhi na kila jioni."

"Umemlisha dawa," alisema Cassien. "Ndiyo iliyomvusha mpaka akazaa salama. Ila chungu kimerudi kama zamani na wewe bado unatia chumvi ya maji mengi. Tunaipunguza. Hajaharibika, Maman. Atarudi kama alivyokuwa."

Concessa akatoa uso nje. "Atarudi?"

"Atarudi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Lakini sikiliza yote, siyo nusu." Akainua kidole. Jioni hii asimeze, na kesho asubuhi pia asimeze. Baada ya hapo vinne, na wiki ijayo vitatu, vile vyake vya zamani, na kila baada ya siku tatu atazamwe macho na miguu. Kuacha kabisa, hapana. Akiacha kabisa ataanguka kweli. Kunyonyesha, ndiyo, anyonyeshe. Concessa alirudia maneno yote, moja moja, kwa sauti, na Cassien akamfanya arudie mara ya pili. Kisha akamdunga mtoto sindano ya vitamini ambayo, alisema bila kumtazama mtu yeyote, ilitakiwa tangu siku aliyozaliwa. Akamtoa Patricie damu kidogo ikapimwe, na akasema walale pale zahanati.

Siku nne walikaa. Patricie alinyonyesha amelala ubavu, na Concessa alikaa kando ameweka mkono nyuma ya mgongo wa mtoto, hauondoi. Siku ya pili maneno yalianza kutoka mepesi. Siku ya tatu mlango ukawa mmoja. Patricie alipolitangaza hilo, Concessa alicheka mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakauliza kuna nini.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Uwimbabazi akafika kutoka Nkungu. Alikuwa na mtoto wake mgongoni na kitenge kingine kipya mkononi, cha kumbebea wa pili. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, maskini, na wala hakuwa na ubaya wowote.

"Nimekuja kumuchukua," alisema. "Mulinituma muntu. Nyumbani bamenielekeza huku."

Patricie, aliyekuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani, alimtazama mama mkwe wake. Mikono yake ilikaza.

Concessa ndiye aliyetuma. Ndiye aliyerudi nyuma hatua moja mbele ya watu wote. "Ngoja kwanza," alimwambia binti yake. "Cassien! Kuja na kalamu yako."

Cassien akaja na kalamu. Macho ya Patricie yaliifuata kulia, yakaifuata kushoto, yakatulia. Pua ilikuwa mahali pake. Cassien akaonyesha mstari wa saruji sakafuni.

Patricie akasimama. Akamnyooshea Concessa mtoto ampokee kwanza, kama mtu anayejua hatapewa tena. Concessa akamtazama yule mtoto, akalitazama lile kovu, akairudisha mikono yake mwenyewe nyuma.

"Tembea naye," alisema.

"Maman?"

"Ni mutoto wako. Tembea naye."

Patricie akatembea. Kisigino mbele ya vidole, kisigino mbele ya vidole, polepole, mtoto amelala kifuani hana habari. Concessa alimfuata nyuma karibu kabisa, amejikunja, mikono yote miwili imetandazwa tayari kudaka, anapumua kwa mdomo. Uwimbabazi alishika ukuta. Walifika katikati ya chumba. Walivuka katikati. Mguu wa Patricie haukutoka kwenye mstari hata mara moja, na alipofika mlangoni alisimama, akageuka, akamkuta mama mkwe wake ameinama vile vile na mikono wazi.

Patricie akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti yake ya zamani, ile ya kugombania chumvi.

"Maman Concessa," alisema, "shusha mikono."

Concessa akaishusha. Kisha akakaa chini sakafuni pale pale juu ya mstari, akalia kama mtoto mdogo, na Cassien akaenda kutafuta kiti. Uwimbabazi alicheka, akajifunga kile kitenge kipya kiunoni mwake mwenyewe, akaomba chai.

Aimable alichagua jina la pili, Nishimwe, kwa kuwa ndilo Patricie alilolitaka. Karatasi ya damu ilirudi baada ya wiki tatu, imekunjwa, imelowa kona moja, ikisema kwamba siku ya kumpa mtoto jina dawa ilikuwa imepanda kupita kipimo mara mbili. Concessa alimwomba Cassien amsomee yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha akaiweka ndani ya kopo pamoja na vidonge vitatu vya siku hiyo. Kopo lenyewe alikuwa ameshalitoa darini kwake. Lilikaa kwenye rafu ya Patricie.